Yai Moja

Kuikkalampi,
Jumapili, 8 Septemba 1996

Mpendwa pacha wangu Maire,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti lako limepoa, na yule jirani yako Mswidi ameacha kulalamika kuhusu harufu ya samaki wako. Ukitaka kujua hali yangu, mimi ni mzima, nakula, nalala, na paa la sauna nimelitengeneza mwenyewe bila kumwita mwanamume yeyote. Viazi vya mwaka huu vimekuwa vikubwa hata majirani wanapita taratibu ili waone. Beri nimechuma ndoo saba, na mgongo bado unanitii.

Najua umeninunia, na una haki. Barua yako ilifika mwezi wa Juni, wiki ya mkesha wa Yohana Mbatizaji, watu walipokuwa wakikusanya kuni za moto wa ufukweni. Uliniuliza jambo moja tu. Ulisema chama chenu cha walioacha pombe huko Göteborg kitakufanyia karamu ya kahawa tarehe ishirini na nane mwezi huu, kwa kuwa umetimiza miaka kumi na mmoja bila kuonja tone. Ukasema desturi yenu ni ndugu wa damu kusimama mbele ya watu na kumwelezea mwenye sherehe: alikuwa nani na amekuwa nani. Huna ndugu mwingine ila mimi. Ukauliza, nitakuja au siji? Swali hilo lilihitaji jibu la neno moja, nami nikaliweka chini ya kopo la kahawa kiangazi kizima.

Leo najibu. Lakini nimeshindwa kulijibu kwa neno moja, kwa hiyo jimiminie kahawa, ukae, na usirukie ukurasa wa mwisho kama ulivyokuwa ukifanya shuleni.

Nianze na habari ya damu. Utakumbuka kwamba mwaka 1975 watu wa chuo kikuu walituletea mapacha wa nchi nzima bahasha nene zenye fomu ya maswali. Unavuta sigara? Unakunywa kiasi gani? Unakasirika upesi? Na katikati ya maswali hayo kulikuwa na moja nililolisoma mara nne: utotoni mlifanana kama beri mbili za tawi moja, au kama ndugu wa kawaida tu? Mwaka jana wakaniandikia kwamba majibu yetu mawili hayalingani, na kwa ajili hiyo wametuweka miaka ishirini kwenye jalada la mapacha wasiojulikana ni wa namna gani. Wakaomba damu. Wewe ulitoa ya kwako huko, mimi nikatoa ya kwangu kwenye kituo cha afya cha hapa, na sikumwambia mtu.

Mwezi wa Juni, siku tatu kabla ya barua yako kufika, daktari wa utafiti ule alipita hapa kukutana na mapacha wa wilaya yetu. Anaitwa Daktari Tiainen, ni msichana mdogo kwa macho yangu, mashavu mekundu, na alikuwa anakula andazi la iliki wakati naingia. Nilikuwa nimevaa suti yangu ya kanisani. Alijifuta makombo mdomoni akaniambia kwamba wewe na mimi tumetoka yai moja.

Nilimwambia amekosea. Nikamweleza kwamba mkunga aliona makondo ya nyuma mawili, na mama yetu Hilma alirudia habari hiyo maisha yake yote, kwamba makondo mawili ni mapacha wawili mbalimbali. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema kwamba mapacha wa yai moja wengi tu, kama theluthi yao, huja na makondo mawili, na wakunga wa zamani hawakuwa na njia ya kujua. Nikamtaka apime tena.

“Mama, tumepima mara mbili,” akasema.

“Basi ya tatu haitawaua,” nikamjibu.

Alicheka, na kucheka kwake kuliniudhi. Ili kunipoza akaanza kunieleza kwa nini wanauliza mambo ya pombe na mambo ya hasira katika fomu moja. Alisema watu hudhani mtu hurithi kiu ya pombe kama anavyorithi pua. Walichokiona wao kwa maelfu ya mapacha ni kitu kingine: sehemu kubwa ya kinachorithiwa ni ule moto wa ndani unaomfanya mtoto asitulie darasani, apige wenzake, avunje amri, arukie jambo kabla ya kulifikiria. Mtoto wa namna hiyo akikua, moto ule ule unaweza kumpeleka kwenye chupa. Kwa hiyo ugomvi na ulevi mara nyingi havirithiwi kama vitu viwili, ila mzizi wake ni mmoja. Akaongeza haraka kwamba si hukumu, maana maisha yana sehemu yake, na mtu mwenyewe ana sehemu yake, na wengi wenye moto huo hawalewi kamwe.

Nikanyoosha mgongo nikamwambia, “Basi mimi ndiye mfano wako mzuri, binti yangu. Damu ni ile ile, na mimi sijawahi kumpiga mtu wala kulewa.” Aliniangalia kidogo, akachukua andazi lake, na hakuandika chochote.

Unajua jinsi nilivyo, Maire. Nina majivuno, na sijawahi kuyaona kuwa dhambi. Miaka ishirini na sita nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la pombe la serikali, koti la kijivu limepigwa pasi, nywele zimebanwa. Hakuna mlevi wa wilaya hii ambaye sijamwambia leo hapana. Nimemwambia mwalimu mkuu, nimemwambia polisi, na mwaka ule wa mashindano ya kuteleza kwenye theluji nilimwambia hata hakimu, naye akasema, “Unajua mimi ni nani?” nikamjibu, “Najua, na kesho utafurahi kama nimesahau.” Watu walicheka foleni nzima. Wiki iliyofuata alirudi bila kulewa, akaniinamia kichwa.

Na Baba je? Sidhani niliwahi kukusimulia vizuri. Ilikuwa mwaka wangu wa tatu kazini, wewe ulikuwa umeshaenda Uswidi. Baba Taavetti, mshusha magogo mtoni mashuhuri, aliyewahi kupita maporomoko ya Koirakoski akiwa amesimama juu ya gogo, birika la kahawa mkononi, kwa kuwa tu mtu alimwambia hawezi, akaingia dukani akiyumba. Nikamwambia, “Leo hapana, Baba.” Alivua kofia. Nilidhani atanitukana, kumbe aligeukia watu akasema, “Mmemwona huyo? Huyo wangu! Hata shetani mwenyewe akija hapa atapanga foleni, na atarudi mikono mitupu!” Akatoka, akaisimulia habari hiyo kila nyumba mpaka alipokufa. Nilijivuna kwa ajili yake, na yeye alijivuna kwa ajili yangu.

Ndiyo maana hesabu ya kijiji hiki ilikuwa rahisi. Maire amemfuata Baba, Terttu amemfuata Mama. Maire aling'oka jino kwenye ugomvi wa baa, akavunjika pua kwenye ajali ya pikipiki, akaolewa mara mbili na kuachika mara mbili. Terttu hakuolewa hata mara moja kwa sababu hakuna aliyefaa. Walipokuwa wakisema hivyo kwenye kahawa ya kanisani sikuwanyamazisha. Siku nyingine niliongeza chumvi mimi mwenyewe, na leo nakuomba radhi kwa hilo.

Sasa, siku tatu baada ya daktari yule kuondoka, nilirudi nyumbani nikakuta barua yako. Nilitaka kuandika kwamba siji. Nilikuwa nimeshachukua kalamu. Ningesimamaje mbele ya Waswidi na Wafini wenzetu kukuelezea, wakati nilikuwa nimetoka kuambiwa kwamba mimi ndiye wewe? Miaka yote nilikuwa na maelezo tayari: masikini Maire alizaliwa hivyo, na mimi nilizaliwa vingine. Sasa maelezo yameondoka. Kama tumetoka yai moja, basi hukuzaliwa mbaya kuliko mimi, wala mimi sikuzaliwa mzuri kuliko wewe, na kila tulichokuwa tofauti kilitokana na kitu kingine. Na kitu hicho, Maire, nakijua. Ndicho kilichonizuia kukuandikia.

Kwanza habari ndogo, kisha kubwa.

Habari ndogo ni kwamba mimi nakunywa. Nilianza mwaka Mama alipokufa, glasi moja baada ya sauna ya Jumamosi. Ikawa na Jumatano. Ikawa na asubuhi. Sikuwahi kununua kwenye kaunta yangu, nisingekubali kamwe wenzangu wajue. Kila Jumanne, siku yangu ya mapumziko, nilipanda basi kilomita sitini hadi mji wa pili, kofia pana kichwani, nikanunua kwenye duka la serikali la huko, nikarudi na chupa chini ya kikapu, juu nimefunika beri au uyoga. Dereva wa basi alidhani naenda kwa daktari wa meno. Miaka kumi na tatu amenihurumia kwa meno yangu, na meno yangu yote ni mazima.

Jumanne ya tarehe ishirini Agosti nilikwenda kama kawaida. Asubuhi nilikuwa nimeshameza kidogo ili mikono itulie, na kwenye basi nikaongeza kidogo. Kaunta ya kule walikuwa wameweka msichana mpya. Koti la kijivu, nywele zimebanwa. Aliniangalia usoni, akaweka mikono yote miwili juu ya kaunta, akainama ili wengine wasisikie, akasema, “Leo hapana, mama.”

Alifanya kazi yake vizuri kuliko mimi, maana mimi hupaza sauti. Nyuma yangu mtu mmoja akasema, “Bibi, sogea bwana, wenye kiu tupo!” Wakacheka. Nilitaka kuwaambia mimi ni nani. Kinywa changu kilifunguka kusema maneno yale yale ya hakimu. Lakini si hilo ninalotaka ulijue. Ninalotaka ulijue ni kwamba nilitaka kumpiga yule msichana. Si kwa mawazo. Mkono ulikuwa umeshapanda juu ya kaunta, ngumi imekunjwa, na yeye aliiona, akarudi nyuma hatua moja.

Nilitoka nikakaa kwenye benchi la stendi, nikaiangalia ile ngumi iliyokuwa ikikataa kufunguka. Ndipo nikaelewa alichokuwa ananiambia yule daktari mwenye andazi. Sikuwahi kuwa mtulivu, Maire. Miaka ishirini na sita nimegombana na watu kila siku, nikarudi nyumbani nimefurahi, nikila kwa hamu. Mtu mtulivu hafurahii ugomvi hivyo. Nilikuwa napigana kama wewe, ila mimi nilipigania upande wa kaunta ambao serikali imeuruhusu, na walinipa koti juu yake. Na jioni nilipovua koti, ule moto haukuwa na pa kwenda.

Nilirudi kwa miguu nusu ya njia kwa sababu niliona haya kupanda basi. Nyumbani nilimwaga kila kilichokuwepo, hata ile chupa ya kwenye shimo la viazi. Siku tano za kwanza sitakusimulia, unazijua. Leo ni siku ya kumi na tisa.

Sasa habari kubwa.

Kiangazi cha 1965 tulikuwa na miaka kumi na mitano, tuko kwenye mafundisho ya kipaimara nyumbani kwa mchungaji. Unakumbuka siku ya divai. Najua unaikumbuka, ila hatujawahi kuizungumza, wewe na mimi, hata mara moja katika miaka thelathini na mmoja. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, mchungaji amelala, wengine mnafua taulo ufukweni. Mimi ndiye niliyeingia stoo. Sikuwa na kiu wala huzuni, mlango tu ulikuwa wazi na walikuwa wametukataza. Nikanywa divai ya Meza ya Bwana kutoka kwenye chupa yenyewe, nikaona dunia imepanuka, nikashuka gatini, nikachukua mtumbwi wa mchungaji nikaingia nao ziwani kwenye upepo, nikiimba kwa sauti. Naomba unielewe: hiyo ndiyo saa niliyofurahi kuliko zote za ujana wangu. Kasia moja likaniponyoka, mtumbwi ukaenda kukwama kwenye matete, nikarudi kwa miguu msituni na kujilaza kitandani na nywele mbichi.

Mama mchungaji alikuwa ameona dirishani mgongo na msuko wa nywele. Jioni mchungaji akatupanga wasichana kumi na wawili ukumbini, akasema ni mmoja wa mapacha, je, ni yupi. Hukujua chochote. Ulikuwa bado na harufu ya sabuni kwenye mikono. Na mimi nikakunyooshea kidole.

Uliniangalia. Hukusema ndiyo, hukusema hapana. Mpaka leo sijui kwa nini hukusema hapana.

Siku ya kipaimara ulikaa benchi la nyuma na gauni lako la kahawia, na mimi mbele katika joho jeupe nikapokea kikombe, nikaonja divai ile ile, na mkono wa Mama ukanipapasa kichwa. Kuanzia siku hiyo ukawa Maire wa Divai. Walikuita hivyo dukani, shuleni, kwenye dansi. Ulipokunywa kwa mara ya kwanza kweli, ulikuwa na miaka kumi na saba, na jina ulikuwa nalo tayari. Mwaka uliofuata ukapanda meli ya Uswidi.

Na fomu ile ya mwaka 1975, swali lile la beri mbili? Nilijibu kwamba tulifanana kama ndugu wa kawaida tu. Niliandika uongo, tena kwa wino, kwa sababu nilijua wazi kwamba ikikubalika kuwa tulifanana, siku moja mtu atauliza ni yupi aliyekuwa ndani ya mtumbwi. Kwa ajili ya mtumbwi mmoja nimewavurugia watu wa chuo kikuu hesabu zao miaka ishirini.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilisimama kwenye kahawa ya kanisani na kikombe mkononi. Nikagonga kijiko. Walidhani natangaza mnada wa soksi za wamisionari. Nikawaambia wote, na wewe unawajua wote, kwamba divai ya mwaka 1965 niliinywa mimi, Terttu, na kwamba Maire hakuwa na kosa lolote, na kwamba jina lile walirudishe walikolitoa. Mtu mmoja akaacha kutafuna. Mama mchungaji Aune sasa ana miaka themanini na minane, masikio hayasikii vizuri, ikabidi nirudie kwa sauti kubwa, na hiyo ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Akafikiri. Kisha akasema kwamba mchungaji mwenyewe hakuwa na hakika hata siku ile. “Tulijua ni mmoja wenu,” akasema, “lakini yupi? Mlikuwa mmefanana mno. Tukamchukua aliyenyamaza.” Akanywa kahawa yake, akaniangalia tena juu ya kikombe. “Na lile kasia, mwanangu, uliliacha wapi?”

Nikamwambia limezama. Akasema mumewe alilitafuta mpaka theluji ikaanguka. Basi nikalia mbele ya kijiji kizima, mimi, na sikujificha.

Kwa hiyo hilo ndilo jibu langu kuhusu sherehe yako. Nakuonea fahari, Maire. Sina neno jingine, na nimelitafuta kiangazi chote. Hapo zamani nilikuwa nikisema kwamba nakuonea huruma, na nilikuwa napenda kuisema, kwa sababu huruma humweka mtu juu. Sasa najua ulikuwa na damu ile ile niliyo nayo mimi, moto ule ule, mikono ile ile ya Baba isiyotulia, na juu yake nilikutwika kosa langu. Ulianguka kutoka mahali pa chini kuliko pangu na bado umepanda. Hakuna chembe yoyote mwilini mwako iliyokusaidia ambayo mimi sikuwa nayo. Miaka kumi na mmoja hiyo uliifanya wewe. Mimi nimefanya siku kumi na tisa na kila moja nimeihesabu kwa saa, ndiyo maana naweza kukupimia ulichokifanya, na sidhani kuna mtu mwingine duniani anayeweza kukipima kwa usahihi kama mimi.

Nakuja. Tiketi ninayo. Lakini sitapanda meli. Unazijua meli zetu: kila ghorofa ina baa, muziki, na nusu ya foleni yangu ya dukani imo humo ikiimba kabla nanga haijang'olewa. Siziwezi bado, na nimeamua kukiri nisichokiweza. Nitakwenda kwa nchi kavu. Treni hadi Kemi, basi kuvuka mpaka hadi Luleå, halafu treni kushuka Uswidi yote mpaka kwako. Nitaizunguka bahari nzima. Kijana wa tiketi alinitazama akasema, “Mama, hakuna mtu anayekwenda Göteborg kwa njia hiyo.” Nikamwambia aandike tu. Nitafika Ijumaa ya tarehe ishirini na saba, miguu imevimba na hasira kidogo.

Kama baada ya kusoma barua hii hutaki kuniona, nitaelewa. Nitumie kadi yenye neno moja, nami nitakaa huku na kuendelea na hesabu yangu. Kama hukutuma kadi, nitashuka kwenye treni nikitarajia kukuona. Jumamosi nitasimama mbele ya watu wako na kusema kwa Kifini, wewe utafsiri, kwamba huyu ni Maire binti Taavetti, hakuiba divai, na nilipomsingizia alininyamazia. Nitasema kwamba tumetoka yai moja na kwamba yeye ndiye aliyeonyesha yai hilo linaweza kutoa nini. Nikimaliza sitaki kukaa na wageni. Niwekeeni kiti pale mnapowaweka wanaohesabu siku, na mtu asinionee haya.

Wasalimie wote wa chama chenu, hasa yule mzee anayekupikia supu ya njegere kila Alhamisi. Mwambie jirani yako Mswidi kwamba nakuja na samaki zaidi. Kuni zako za sauna nimezipasua tayari kwa ajili ya Krismasi, endapo utakubali kuja huku na kupita kijijini mchana kweupe, mkono wako ndani ya wangu.

Neno la mwisho. Mama alikuwa akisema mimi nilitangulia kutoka, nikakuacha ndani robo saa, na robo saa hiyo nimeitumia maisha yangu yote kukuamrisha kama dada mkubwa. Katika jambo hili wewe umenitangulia miaka kumi na mmoja. Kwa hiyo natia sahihi inavyostahili.

Mdogo wako,
Terttu